Theluthi mbili: uhuru wa nani unaolindwa?

Kila nikifundisha Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 81(b) ndiyo hunichukulia muda mrefu kuliko zote. Inataka miili ya umma inayochaguliwa isiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Isome pamoja na Ibara ya 38, inayompa kila raia haki ya uchaguzi huru. Yako maeneobunge 290, na kila moja hujichagulia mtu wake bila kujua jirani kamchagua nani. Wanaume wakizidi, ushindi wa nani utafutwa ili hesabu itimie?

Kwa mabunge ya kaunti, Katiba ina jibu. Ibara ya 177 huongeza viti baada ya matokeo, vikagawiwa vyama kulingana na wadi vilizoshinda. Hakuna mshindi anayebanduliwa. Lakini viti hivyo hujazwa kutoka orodha ya chama, na mwakilishi anayeingia kwa njia hiyo hana wadi ya kumuuliza amefanya nini. Anayeweza kumnyima kiti muhula ujao ni chama chake. Nimewaona wanawake hodari wakidharauliwa kwa sababu hiyo, na inaniuma.

Kwa Bunge la Taifa, Katiba haikusema njia. Ilitenga viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, ikaweka wabunge 12 wa kuteuliwa, na 290 waliobaki ikawaacha mikononi mwa wapiga kura. Jumla ni 349, kwa hiyo wanawake wasipungue 117. Desemba 2012, majaji wengi wa Mahakama ya Juu walishauri kwamba takwa hili litekelezwe hatua kwa hatua, mwisho 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga. Kwake lilipaswa kuanza na uchaguzi wa Machi 2013. Uchaguzi huo uliingiza wanawake 16 tu kutoka maeneobunge, na hakuna hata mmoja aliyechaguliwa gavana wala seneta. Tarehe ya mwisho ikapita, miswada ikaanguka. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge. Halikuvunjwa.

Wanaopinga husema mwachieni mpiga kura aamue. Hoja hiyo naiheshimu, kwani kura ikishahesabiwa haifai kuguswa na mtu. Ila siku ya uchaguzi mwananchi huchagua kati ya majina aliyoletewa, na katika ngome za vyama mambo huwa yameshaamuliwa kwenye mchujo. Mchujo unataka pesa za ada, magari na vijana wa kumlinda mgombea. Unataka pia moyo wa kuvumilia matusi, na mwanamke hutupiwa mengi zaidi. Pengine hata mchujo wenyewe haufanyiki, tiketi hutolewa mezani na wakubwa wachache. Hapo ni uhuru wa wakubwa hao unaolindwa kwa jina la mpiga kura.

Ndiyo maana nataka mzigo uwekwe kwenye vyama, kabla ya kura. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, ilijaribu kuvibana vyama katika uteuzi wa wagombea, mahakama ikasimamisha agizo hilo. Hata lingepita, lilikuwa na tundu: chama kinaweza kuwasimamisha wanawake pale kinapojua kitashindwa. Ufaransa, ambayo ina sheria ya usawa wa wagombea tangu 2000, iliona vyama vikubwa vikikubali kulipa faini kuliko kutii. Kanuni inayofaa, kwa maoni yangu, ingetazama ngome: katika maeneobunge ambayo chama kilishinda mara iliyopita, angalau theluthi moja ya tiketi ziende kwa wanawake, la sivyo orodha nzima ikataliwe.

Mwanaume aliyejijenga miaka mingi katika ngome hiyo atafungiwa mlango wa chama, na huko ni kupunguziwa uhuru kweli. Sitaki kujifanya sivyo. Lakini Ibara ya 85 inamruhusu kusimama kama mgombea huru, mradi awe ametoka chamani angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Watu wake wakimtaka, jina lake watalikuta kwenye karatasi ya kura.