Askari wa Roma hawakulipwa chumvi

Likitajwa tu neno la Kiingereza "salary", yaani mshahara, hakosi mtu wa kusema kwamba askari wa Roma ya kale walikuwa wakilipwa chumvi badala ya fedha. Nimelisikia hilo hata darasani. Hadithi inavutia kweli, ila hakuna maandishi ya Warumi wenyewe yanayosema hivyo.

Kwenye mzizi wa neno hawajakosea. "Salary" lilitoka kwenye Kilatini "salarium" kupitia Kifaransa, na ndani ya "salarium" mna "sal", yaani chumvi. Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba chumvi inahusishwa na heshima za kijeshi, na kwamba "salarium" lilipata jina huko. Basi, akaishia hapo. Walipwe chumvi? Wapewe posho ya kuinunulia? Hakusema, na waliokuja karne nyingi baadaye ndio waliolijaza pengo hilo kwa kukisia.

Tunachokijua vizuri ni malipo ya askari wa kawaida. Yaliitwa "stipendium", neno lenye maana ya kupima sarafu ndani yake. Enzi za Kaisari Augusto yalikuwa dinari 225 kwa mwaka, na humo humo alikatwa chakula na mavazi. Zilikuwa sarafu za fedha, si kibaba cha chumvi.

Tazama "mshahara" wetu: umetokana na Kiarabu "shahr", mwezi. Neno linaonyesha malipo yalivyohesabiwa. Halisemi mtu alipokea nini mkononi.