“Dada, unapiga ukuta au dari?” Dhana potofu kuhusu kuchora kwa rangi za maji

Kijana wa duka la vifaa vya ujenzi aliniuliza hivyo na hakuwa na kosa. Nilikuwa nimemwomba rangi ya maji. Hapa Mtwara ukitaja rangi ya maji unaletewa ndoo ya kupaka nyumba, na ukitaja rangi ya mafuta unaletewa kopo la milango na madirisha. Mimi nilitaka vile vibonge vidogo vinavyopangwa kwenye kisanduku, vya kuchorea picha. Akacheka, akanielekeza duka la vifaa vya shule.

Nianze basi na dhana hiyo, kwamba rangi yoyote inayochanganywa na maji ni ileile. Rangi ya ukutani ina plastiki ndani yake, ikikauka imekauka. Ya kuchorea ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mti jamii ya mgunga, gundi ambayo Sudan ndiyo inayoongoza kwa kuiuza duniani. Gundi hiyo ikiguswa na maji hulainika tena, hata miaka ikipita. (Mikorosho yetu nayo hutoa gundi inayofanana nayo, inachuruzika kwenye gome. Sijathubutu kuijaribu.) Shika hili la kulainika, maana ndilo linalotutesa na ndilo linalotuokoa.

“Sanaa uzaliwe nayo, tena uanze utotoni”

Huku kusini dhana hii ina mizizi kwa sababu tumekaa na wachonga mpingo, watu walioshika patasi wadogo, wamekaa miguuni kwa baba au mjomba. Mtu mzima kama mimi akionekana barazani na brashi anaulizwa kama anasomea ualimu wa chekechea. Lakini Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu kabisa, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 akiwa amevuka miaka thelathini, hajapita chuo chochote cha sanaa, na rangi yake ilikuwa hiyohiyo ya mafuta ya dukani. Mmarekani Winslow Homer alizishika rangi za maji kwa dhati mwaka 1873, akiwa na miaka 37. Haki isemwe: Homer alikuwa tayari anaishi kwa kuchora, mkono wake ulishakuwa mwepesi. Ila rangi za maji zilimkuta mtu mzima.

“Mkono wangu mzito”

Mwaka mzima nililaumu mkono. Kumbe nilikuwa nachorea karatasi za rimu, zile za gramu 80 tunazochapia barua. Ukiigusa kwa brashi iliyolowa inavimba kama chapati kwenye kikaango cha moto, rangi inakimbilia mabondeni na kutuama huko. Ukisugua kidogo inachambuka nyuzi. Nikahamia manila, ambayo ni nzito lakini inafyonza rangi papo hapo, hupati hata nafasi ya kuitawanya.

Karatasi yenyewe ya kazi hii ni ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Zilizo bora zimetengenezwa kwa pamba, na zimetiwa dawa, mara nyingi jelatini, ili maji yakae juu kidogo kabla ya kuzama. Katika hicho “kidogo” ndimo picha inamotengenezwa. Nilipochora kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya namna hiyo nilidhani kuna mtu amenibadilishia vidole.

Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kitu kizuri kimoja tu, nunua karatasi, na rangi za wanafunzi zivumilie. Hapo niko tayari kubishana na mtu yeyote. Mimi humwagiza anayetoka Dar, anashuka nazo stendi zimeviringishwa ndani ya kipande cha bomba la maji. Karatasi moja kubwa ina sentimeta 56 kwa 76. Naikata vipande nane, kila kimoja kinatosha Jumamosi moja, na upande wa nyuma ni wa mazoezi.

“Maji ni maji”

Hapa ndipo penye shughuli. Anayeanza anahangaikia rangi, wakati kitu cha kujifunza ni maji: kiasi gani kiko kwenye brashi na kiasi gani kiko kwenye karatasi.

Lowesha karatasi, kisha iinamie uitazame kwa pembeni, dirisha likiwa mbele yako. Mwanzo inang'aa kama kioo. Ukidondosha rangi wakati huo inatawanyika ovyo. Ngoja. Mng'ao unafifia, unabaki kama ngozi iliyopakwa mafuta alfajiri na sasa ni saa nne. Hapo dondosha, na wingu litakubali kuwa wingu, kingo laini, halikimbii. Baada ya hapo mng'ao unatoweka kabisa, unadhani pamekauka. Gusa kwa mgongo wa mkono: bado pa baridi. Wengi tunaharibia hapohapo. Tunaona kitu hakijatukalia sawa, tunarudi na brashi iliyojaa maji. Maji ya brashi yanasukumana kuelekea palipokauka zaidi, yanazoa unga wa rangi njiani na kuutupa ukingoni, na unapata doa lenye mpaka wa mawimbi, kama la chai kwenye kitambaa cheupe. Hakuna dawa nyingine ila kuondoa mkono na kuacha pakauke kabisa.

Video za mafunzo husema subiri dakika tano. Dakika tano za wapi? Hapa mwambao, mvua zikiwepo, Desemba hadi Aprili, karatasi yangu hukaa na ubaridi hata nusu saa. Kusi ikivuma mwezi wa saba, kwenye baraza lililo wazi, inakauka kabla sijasuuza brashi. Dakika hazikusaidii. Mgongo wa mkono unakusaidia.

Na maji ya bahari si maji. Nilifika Mikindani siku moja, nikatandika vitu chini ya kivuli karibu na majumba ya mawe ya matumbawe, nikagundua chupa ya maji nimeisahau nyumbani. Ghuba hii hapa mbele yangu, nikachota. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na chumvi ikikauka haiondoki. Mbingu yote ikabaki na vijipunje vyeupe, na kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewani, picha hiyo mpaka leo siku ya mvua ukiigusa inanata. Chumvi ya mezani ukiinyunyiza kwa makusudi kwenye rangi mbichi inachora vinyota vizuri tu, ni ujanja unaojulikana. Lakini hapo unachagua mwenyewe pa kuinyunyiza.

“Bahari ni bluu, jani ni kijani”

Siku hiyohiyo ya chumvi, mzee aliyekuwa anashona nyavu pembeni alinyanyuka kuja kuchungulia.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Hiyo ndiyo ngalawa yangu?”

“Ndiyo.”

“Sasa mbona umeipeleka Unguja? Hapa maji yamekupwa, hiyo bluu umeiona wapi?”

Nikainua macho. Kweli, mbele yangu palikuwa na tope la kijivu, utando wa maji wenye rangi ya chai isiyokolea, mikoko mieusi-mieusi, na bluu ilikuwa mstari mmoja mwembamba huko mlangoni mwa ghuba. Nilikuwa nimechora bahari niliyokuja nayo kichwani.

Tangu hapo kabla ya kulowesha chochote naiangalia rangi ya kitu kana kwamba sikijui jina. Jani la mkorosho siyo kijani cha kwenye kisanduku, ambacho kinapiga kelele. Ukitia tone la nyekundu kinanyamaza. Tope la Mikindani nalipata kwa rangi mbili tu: bluu ya ultramarini na kahawia ya siena iliyochomwa. Ultramarini maana yake ni “ng'ambo ya bahari”, kwa sababu zamani ilisagwa kutoka jiwe lililosafirishwa kutoka Afghanistan, hadi Wafaransa walipopata njia ya kuitengeneza kiwandani miaka ya 1820. Siena ni udongo wenye kutu ya chuma, ulioitwa kwa jina la mji wa Italia, ndugu wa ule mwekundu unaotuchafulia viatu tukipanda Newala. Zikichanganywa hizo mbili hupati bluu wala kahawia, unapata kijivu kilicho hai. Ukizidisha bluu kinakuwa wingu la mvua. Ukizikoleza zote, maji machache, unapata weusi wa mikoko, na kibonge cheusi kinabaki kisandukuni bila kazi.

Cheupe nacho hukihitaji sana, kwa sababu weupe ni karatasi yenyewe. Tanga la ngalawa unaliacha, unachora kinacholizunguka.

Nyingine za haraka

“Ukikosea basi.” Siyo kweli: gundi inalainika, nimeshasema. Lowesha palipokosewa, subiri kidogo, bonyeza kwa tishu, rangi inainuka. Zipo zinazong'ang'ania, hasa zile bluu na kijani kali za kisasa, lakini nyingi zinasikia. “Lazima brashi kumi.” Moja ya duara, namba 8 au 10, yenye ncha inayojirudi ikilowa, itachora mbingu na itachora kamba ya nanga. Zile za dukani zinazomwaga nywele kwenye picha waachie watoto. “Paleti maalumu ya kuchanganyia rangi.” Sahani nyeupe ya udongo inatosha. Ya plastiki inafanya maji yajikusanye matone matone.

“Ukishachora umemaliza”

Kwa joto na unyevu wa pwani, kisanduku ukikifunga rangi zikiwa mbichi, wiki ijayo unakuta ukungu wa kijani umeota juu ya njano. Kiache wazi usiku. Karatasi zihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ikilala kwenye unyevu, dawa yake inaharibika, na siku ukiilowesha inafyonza kwa mabaka.

Jua nalo ni suala. Zipo rangi zinazokufa kwa mwanga, na nyekundu ya alizarini ni mojawapo. Ipo picha ya Homer ya mwaka 1887, sasa iko kwenye jumba la sanaa la Chicago, ambayo mbingu yake ya machweo imefifia ikawa karibu nyeupe. Kujua za kwako, paka mstari wa kila rangi kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani. Changu nilikibandika mwezi wa nane upande wa magharibi. Nilipokifunua Desemba, nyekundu yangu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa waridi la nguo iliyofuliwa sana, na bluu iko palepale.

Ile ngalawa iliyokwenda Unguja babu ameiomba. Nimempa, nikamwambia asiitundike penye jua. Akaniuliza sasa ataionaje akiwa nje anashona nyavu.