Presha ya ujauzito haiishii leba

Fungua kile kijitabu cha kliniki ambacho kila mama hapa Nairobi hukibeba kwenye mkoba pamoja na nepi. Mwanzoni kuna kurasa za mama: presha ya kila ziara, uzito, majibu ya mkojo, wiki za mimba. Mtoto akishazaliwa, macho yote huhamia kwa chanjo na grafu ya uzito wake, na zile za mama hazifunguliwi tena. Kwangu mimi ninayetibu moyo, hizo ndizo za kusomwa kwanza. Mwanamke aliyepata presha akiwa mjamzito ameshapewa habari za mishipa yake mapema, miaka mingi kabla ya ugonjwa wa moyo kubisha hodi.

Mimba ni kazi nzito. Damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu. Moyo hupiga mara 10 hadi 20 zaidi kila dakika, na damu unayosukuma kwa dakika hupanda kwa asilimia 30 hadi 50. Ili kuupokea mzigo huo mishipa hulegea na kutanuka, ndiyo maana presha ya mjamzito mwenye afya hushuka kidogo mimba ikifika katikati. Kondo la nyuma lisipojishika vizuri kwenye mfuko wa uzazi, au mishipa ikikataa kulegea, presha hupanda. Ikifika 140/90 baada ya wiki ya 20, na mkojo ukawa na protini au figo na ini zikaanza kusumbuka, hiyo ni priklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba. Ikifika 160/110 ni dharura ya saa hiyohiyo.

"Ukizaa itaisha," mama huambiwa. Kwa wengi hushuka kweli ndani ya wiki 12. Lakini mama huyo, akilinganishwa na aliyebeba mimba bila presha, ana hatari ya karibu mara mbili ya ugonjwa wa mishipa ya moyo na ya kiharusi, na takribani mara nne ya moyo kushindwa kufanya kazi. Aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya mara 7 hadi 10 ya kupata kisukari cha kudumu. Usiogope hesabu hizo. Kwa mwanamke wa miaka 30 hatari yenyewe ni ndogo, hivyo hata ikirudufiwa bado ni ndogo, na miaka ya kuipunguza ipo. Kinachoumiza ni miaka hiyo kupita bila mtu kumpima.

Hatari ya karibu zaidi iko nyumbani, wiki ya kwanza. Presha hupanda kilele kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, wakati mama ameshatoka wodini yuko Kayole au Rongai akipokea wageni. Kichwa kisichotulizwa na panado, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia: arudi hospitali hata kama ni usiku, kwa kuwa kifafa cha mimba humpata hata aliyekwisha kuzaa. Kisha kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaokuja kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua. Mama hushindwa kulala chali, huomba mto wa pili na wa tatu, hukohoa usiku, miguu huvimba wakati ilipaswa kuwa inapungua. Huu husingiziwa uchovu wa kulea, au baridi ya Julai. Omba upigwe picha ya moyo, eko.

Kunyonyesha kunaingia wapi? Wakati wa mimba mwili huweka akiba ya mafuta, mafuta ya damu hupanda, na insulini hufanya kazi kwa shida. Maziwa ndiyo njia ya kuitumia akiba hiyo. Mama anayenyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine hutoa karibu mililita 750 kwa siku, kazi inayokula kama kalori 500, na sehemu ya mafuta ya maziwa hayo huchotwa moja kwa moja kwenye damu yake. Homoni ya oksitosini inayoyashusha maziwa hutuliza presha pia. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2022, uliojumlisha wanawake karibu milioni 1.2, ulikuta waliowahi kunyonyesha wana hatari pungufu kwa asilimia 11 ya magonjwa ya moyo na mishipa, na asilimia 12 ya kiharusi. Tafiti za kufuatilia watu hazithibitishi kwamba maziwa pekee ndiyo yaliyoleta tofauti, na kunyonyesha hakufuti priklampsia iliyopita. Hata hivyo namshauri mama wa presha anyonyeshe, na asaidiwe zaidi ya wengine, kwa sababu mara nyingi mtoto wake ni njiti na maziwa huchelewa kuja.

Kosa ninalolipigia kelele ni mama kuacha dawa za presha ili anyonyeshe, au kuacha kunyonyesha ili ameze dawa. Nifedipini, labetaloli na enalaprili zote hutumika kwa mama anayenyonyesha. Mtoto akiwa njiti, daktari wake ajulishwe. Enalaprili haifai kabisa katika mimba, kwa hiyo panga uzazi kabla ya kuianza. Koili na kipandikizi ni sawa kwa mwenye presha; vidonge vyenye estrojeni si sawa.

Kazini, likizo ya uzazi ni miezi 3 na mtoto anahitaji maziwa matupu miezi 6. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba na muda wa kukamua, hadi saa moja katika saa 8 za kazi. Kamua kila baada ya saa 3 hivi. Maziwa hukaa saa 4 penye joto lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji. Hali ya hewa yetu inasaidia, ila chumba cha mabati mchana wa Februari hupita nyuzi hizo. Huko tumia chupa ndani ya beseni la maji baridi na usingoje saa zote 4.

Sasa vipimo. Mtoto anapelekwa chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na 18. Siku hizohizo mama aombe apimwe presha, maana ameshapanga foleni tayari. Akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mtoto apakatwe na mtu mwingine. Mkono mnene unataka kitambaa kikubwa cha mashine. Kidogo hutoa presha ya juu isiyo ya kweli. Apimwe mara mbili. Baada ya hapo, kila mwaka. Aliyekuwa na kisukari cha mimba anywe glukosi gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12: milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kunywa, au 11.1 au zaidi baada ya saa 2, ni kisukari. Majibu yakiwa mazuri, arudie kipimo cha sukari kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Chakula sina mengi. Njahi na uji wa wimbi ni vizuri. Tatizo ni vijiko vya sukari kwenye uji, na chumvi inayopita kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima.

Ukipata mimba nyingine, nenda kliniki kabla ya wiki ya 12, kwa kuwa aspirini ya miligramu 75 hadi 150 inayopunguza priklampsia huanzwa wiki hiyo, na ikichelewa kupita ya 16 faida hupungua. Piga picha zile kurasa za mama kwa simu, uzihifadhi. Siku utakapomwona daktari kwa jambo lolote, hata uwe na miaka 50, anza na hili: "Nikiwa na mimba nilipata presha wiki ya 34, ikafika 160/110, nikazalishwa wiki ya 35."