Simonia ni nini?

Simonia ni kuuza au kununua kitu cha kiroho: sakramenti, baraka, cheo cha Kanisa. Jina limetokana na Simoni mchawi wa Samaria, aliyetaka kuwapa Mitume fedha ili naye akimwekea mtu mikono, ampokeze Roho Mtakatifu. Petro akamjibu: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Mdo 8:20).

Katika karne ya 11 uaskofu ulikuja na mashamba na kodi, kwa hiyo wanunuzi hawakukosekana. Hata upapa ulipata mteja: mwaka 1045 Benedikto IX aliachia kiti baada ya kupewa fedha, na aliyemlipa akawa Gregori VI, padre mwenye sifa njema. Mmonaki wa Fonte Avellana, Italia, akamwandikia Gregori huyo barua ya kumpongeza. Ndiye Mtakatifu Petro Damiani, aliyepigana na simonia karibu maisha yake yote!

Swali lililowagawa wanamageuzi wa Kanisa waliopinga simonia ni hili: askofu aliyenunua cheo akimpadirisha mtu bure, huyo ni padre kweli? Kardinali Humberto alikataa katakata. Damiani alikwisha kuandika mwaka 1052 kwamba ni padre, maana neema ni ya Kristo, na mhudumu, hata awe mchafu, hatoi cha kwake.

Mwaka 1059 alitumwa Milano, akakuta kila daraja takatifu (ushemasi, upadre, uaskofu) ina bei yake na karibu makasisi wote wamelipa. Angewafukuza wote, nani angebaki altareni? Akawapa malipizi, yaani adhabu ya toba. Askofu mkuu Guido alipewa miaka 100, ila angeweza kuikomboa kwa kulipa fedha kila mwaka. Ndiyo, fedha tena.

Basi, sadaka tunayotoa kwa nia ya Misa nayo ni simonia? Hapana. Inamtegemeza padre, hainunui Misa. Sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre wawaombee wahitaji hata bila sadaka, na kanuni ya 947 inakataza hata kile kinachofanana tu na biashara. Damiani mwenyewe alianzia hapo. Alikuwa yatima Ravenna, akichunga nguruwe wa kaka yake, njaa ikimuuma. Siku moja akaokota sarafu. Akawaza chakula, kisha akampelekea padre, baba yake marehemu aombewe katika Misa.