Spika Kunyamaza Si Kuungua

"Fundi, spika imeungua, nitafutie nyingine." Maneno haya nayapokea kabla salamu haijaisha. Nikiuliza umejuaje kama imeungua, jibu ni lile lile: "Si haitoi sauti?" Leo naandika, labda nitapumzika kuyarudia kwa mdomo.

Spika iko mwisho wa safari. Sauti imetoka kwenye televisheni au deki, ikaingia kwenye amplifaya, ikagawanywa kwa chaneli, ikapita kwenye relei, yaani swichi ya ndani inayowashwa na umeme, ikatokea soketi ya nyuma, ikafuata waya. Popote safari ikikatika, inayonyamaza ni spika, na lawama zote inabebeshwa yenyewe.

Mteja mmoja aliniletea spika ya tatu ya upande ule ule. Mbili za mwanzo alishazitupa. Nikachukua betri ya rimoti, ile ya volti 1.5, nikagusisha kwenye miguu ya spika. Tak! Koni, lile karatasi la mbele linalotikisika, ikaruka. Nzima kabisa. Nikamrudisha nyumbani akalete waya na amplifaya. Ncha yake ilikuwa imemenywa kama milimita mbili tu, kibanio cha nyuma ya amplifaya kilikuwa kinang'ata plastiki badala ya shaba. Nikamenya sentimita moja, nikasokota nyuzi zisitawanyike, nikazibana vizuri kwenye kibanio akiwa anatazama. Kazi ikaisha. Sijui alizitupa wapi zile mbili, lakini naamini nazo zilikuwa nzima.

Kwa hiyo, kabla neno "imeungua" halijakutoka, zima amplifaya, tena uchomoe kwenye umeme. Nasisitiza kuzima, kwa sababu nyaya za spika zikigusana chombo kikiwa kinafanya kazi, unaweza kuua transista za kutolea sauti, na hapo ndipo utakuwa umepata hasara ya kweli. Kisha pishanisha nyaya za spika mbili za mbele pale nyuma ya amplifaya tu, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto. Washa. Kama spika ile ile bado iko kimya, ubovu uko kwenye spika au waya wake. Kama ukimya umehamia upande wa pili, spika yako haina kosa, tafuta ndani ya amplifaya, kwenye mipangilio, au kwenye chanzo cha sauti. Dakika mbili, bila kununua kitu. Usichanganye tu spika ndogo na sabufa katika jaribio hili.

Ukibaki na shaka kati ya spika na waya, ndipo betri inapoingia. Gusa na uachie, usishikilie. Na jaribio hili ni la spika isiyo na umeme wake, si la sabufa inayochomekwa ukutani. Mwenye mita ya kupimia umeme apime ohm, yaani ukinzani: spika iliyoandikwa ohm 8 husoma kama 6, ya ohm 4 husoma kati ya 3 na 4. Wapo wanaonipigia simu wakilalamika kwamba spika "imepungua ohm". Haijapungua. Ile 8 ya kwenye lebo ni ukinzani wakati sauti inapita, mita inapima ukinzani wa koili pekee, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni. Hofu yako iwe kwenye mita isiyosogea kabisa, maana njia imekatika, au inayosoma karibu na sifuri. Hiyo ya sifuri usiirudishe kwenye amplifaya hata kwa kujaribu.

Hata njia ikiwa imekatika, bado usikimbilie dukani. Tazama zile kamba mbili laini za shaba zinazotoka kwenye miguu ya spika kwenda kwenye koni. Zinatikisika kila mdundo, na hukatikia pale zinapoingia kwenye koni. Dalili yake: ukibonyeza koni kidogo, sauti inarudi, ukiachia inapotea. Hiyo inachomelewa. Ila tumia kamba laini ya aina ile ile. Nimeshafungua spika iliyochomelewa waya mgumu wa nyumba, koni ikawa inavutwa upande mmoja kama mlango uliolegea bawaba.

Koili iliyoungua kweli inajieleza. Weka vidole gumba viwili kwenye koni, sukuma polepole na kwa usawa. Ikikwaruza, na pua ikinusa kitu kilichoungua, hapo sawa, tuongee habari ya koili mpya au spika nyingine.

Hayo ndiyo yanayonichosha zaidi. Mengine nayapitia kwa haraka.

"Spika za nyuma zimekufa." Unasikiliza kitu kilichorekodiwa kwa chaneli mbili, unategemea za nyuma zipate nini? Amplifaya nyingi zenye spika za nyuma zina sauti ya majaribio kwenye menyu, inayozunguka spika moja baada ya nyingine. Iwashe kwanza.

"Amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa." Inaweza. Ukiifungulia hadi mwisho, sauti inakatwa vichwa, na ule mkwaruzo unaosikia unaiangamiza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kabla ya kitu kingine chochote.

"Mita imesema twita imekufa." Twita nyingi zina kapasita njiani, nayo huzuia umeme wa mita. Pima kwenye miguu ya twita yenyewe, baada ya kapasita.

"Nimegeuza chanya na hasi, ndiyo maana iko kimya." Hapana. Ukigeuza upande mmoja sauti inatoka, ila besi inakuwa nyepesi na waimbaji hawajulikani wamesimama wapi.

"Nikiigonga amplifaya inapona." Haijapona. Upande unaopotea sauti ikiwa ndogo, kisha ukarudi ghafla ukiongeza, mara nyingi ni relei, ile inayolia tik sekunde chache baada ya kuwasha. Midomo yake imepata kutu au masizi. Inabadilishwa, na wala si kazi kubwa.

"Fyuzi ilikatika, nikaweka kubwa zaidi." Hapa sina subira. Mara nyingi fyuzi imekatika kwa sababu kuna kitu nyuma yake kimekufa, na hiyo kubwa inaweza kukaa nzima huku bodi ikiungua.

Ukija kwangu, usilete spika peke yake ndani ya mfuko. Lete waya wake, lete amplifaya na rimoti yake, maana wiki haipiti bila mimi kufungua menyu nikaikuta spika ya katikati imezimwa na mtoto aliyekuwa akichezea vitufe.