Kicheko cha anayepigwa madongo

Ukikaa usiku mzima na vipindi vya The Dean Martin Celebrity Roast, vichekesho vya zamani vya televisheni ya Marekani, kama nilivyofanya mimi mwezi uliopita badala ya kulala, unafika mahali unaanza kuvitambua vicheko. Mchekeshaji anarusha dongo. Picha inahamia kwa mgeni mmoja wa meza kuu, naye anajitupa nyuma kwenye kiti na kupiga meza kwa kiganja. Baadaye linarushwa dongo jingine, na mtu mwingine kabisa, na yule mgeni anajitupa nyuma vilevile, kwa kiganja kilekile, glasi yake ipo palepale na kinywaji kimefika palepale. Hiyo si tabia ya mtu. Ni kipande kimoja cha mkanda kimepachikwa mara mbili.

Mimi ni mhariri wa video hapa Dar es Salaam, miaka 14 sasa. Nusu ya miaka hiyo nimekata picha za harusi na send-off, nusu vichekesho vya televisheni. Nikikuta kitu kama hicho sikasiriki, nacheka kama fundi cherehani aliyekiona kiraka cha fundi mwenzake. Lakini kiraka kinatuambia nguo ilichanikia wapi. Kama mchekeshaji kachekesha na ukumbi umejaa, kwa nini mtu ahangaike kutafuta uso wa mtu mwingine anayecheka, mpaka akiukosa auazime?

Tuanze na jina. Wamarekani huiita roast, kumchoma mtu kama nyama juu ya makaa. Kwetu rosti ni maini yenye mchuzi mzito, ya kula na chapati, kwa hiyo nikilitumia neno hilo hapa nitawatia njaa tu. Nitasema karamu ya madongo. Mtu maarufu anakalishwa mbele, rafiki zake na wapinzani wake wanasimama mmoja mmoja kumsema: ndoa zake, filamu zake zilizododa, ubahili wake, pua yake. Mwisho anasimama yeye na kuwalipa wote deni lao. Huyo anayesemwa ndiye mgeni wa heshima. Mtu asiye na jina hafanyiwi karamu hiyo.

Mtanzania akisikia maelezo hayo anasema, aa, utani. Ni kweli, ila kuna tofauti moja kubwa. Mhehe na Mngoni, ambao babu zao walipigana vita karne ya 19, leo wanaambiana maneno ambayo mtu baki akiyasema atatafuta mlango wa kutokea. Mpare na Mchaga hali kadhalika. Mtani anaingia msibani, anajilaza kaburini, hatoki mpaka apewe chake, na wafiwa wanacheka machozi hayajakauka. Ruhusa ya mtani huyo haikuombwa siku ile. Aliikuta alipozaliwa. Wamarekani wa mjini hawakuwa na urithi huo, kwa hiyo ruhusa walilazimika kuitengeneza wenyewe, karamu kwa karamu.

Kiwanda chake kilikuwa Friars Club, chama kilichoanzishwa New York mwaka 1904 na mawakala waliokuwa wakiwatangaza wasanii wa majukwaani, kisha wachekeshaji na waimbaji wakakijaza. Huko ruhusa ilitokana na mlango kufungwa. Wote waliokuwa ndani walikuwa wa kazi moja, wanajuana, na lugha ilikuwa ya nguoni kweli kweli. Kwenye karamu hizo za mlango kufungwa wanawake hawakuruhusiwa kusikiliza. Mwaka 1983 Phyllis Diller, mchekeshaji mkubwa tu, alivaa kama mwanamume akapenya kwenye karamu ya Sid Caesar. Mwanamke wa kwanza kupewa uanachama, Liza Minnelli, alisubiri hadi 1988.

Siwezi kupita hapa bila kisa cha Harry Einstein, aliyejulikana redioni kwa jina la Parkyakarkus. Novemba 1958, Friars wa California walikuwa Beverly Hills wakimpiga madongo mwigizaji Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz. Einstein, aliyekuwa mgonjwa wa siku nyingi, alisimama, akachekesha ukumbi mzima, akarudi kukaa huku makofi yakiendelea, kisha akamwangukia mapajani jirani yake, mchekeshaji Milton Berle. Madaktari waliokuwa miongoni mwa wageni walimpasua kifua nyuma ya jukwaa ili kuugusa moyo. Alifariki. Katika vurugu ile, Berle alimwomba mwimbaji Tony Martin aimbe chochote kuwatuliza watu, na wimbo alioanza nao unaitwa There's No Tomorrow, yaani hakuna kesho. Mwandishi wa tamthilia angeona haya kuandika hivyo.

Berle huyo ndiye aliyekuwa nyota ya kwanza kubwa ya televisheni ya Marekani. Mwaka 1948 alichukua mchanganyiko wa majukwaa ya zamani, mwimbaji, mwanasarakasi, mtu na mbwa wake, kichekesho, akaumwaga kwenye kioo. Mwaka huohuo alianza Ed Sullivan, mwandishi wa magazeti aliyesimama jukwaani kama amemeza rula, lakini akadumu hadi 1971. The Beatles walipofika kwake Februari 9, 1964, watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 73. Vipindi hivi vya mseto vilitegemea sebule moja yenye televisheni moja, bibi akisubiri mwimbaji wake na mjukuu wake.

Sasa Dean Martin, mwimbaji na mchekeshaji. Jina la kuzaliwa ni Dino Crocetti, wa Steubenville, Ohio, mtoto wa kinyozi Mwitalia. Alishatamba na mchekeshaji Jerry Lewis kwa miaka 10 na wakaachana vibaya mwaka 1956. Septemba 1965 alianza kipindi chake cha mseto kwenye kituo cha NBC, na hapa mimi kama mhariri huvua kofia. Martin hakutaka mazoezi. Wiki nzima wenzake walijifunza nyimbo na vichekesho chini ya Greg Garrison, mwongozaji na mtayarishaji, yeye akiwa kwenye gofu. Siku ya kurekodi alifika, akatazama mazoezi ya mwisho kwenye skrini chumbani mwake, akavaa suti yake rasmi, akaingia. Maneno aliyasoma kwenye makaratasi makubwa yaliyoshikwa pembeni ya kamera. Akikosea, kosa lilibaki. Kila wiki mlango wa kabati uligongwa na kutoka mgeni ambaye Martin hakuambiwa ni nani, na mshangao unaouona usoni ni wa kweli. Alikuwa na mtindo wa kujirusha kukaa juu ya piano ya Ken Lane. Siku moja wakamwekea piano ya kuvunjika, akazama nayo hadi sakafuni.

Ile glasi mkononi nayo watu hawakuielewa. Familia yake ilisimulia kuwa mara nyingi ilikuwa na juisi ya tufaha. Ulevi ulikuwa vazi, kama lile koti. Mchekeshaji Foster Brooks, aliyekuja baadaye kuigiza mlevi anayejitahidi aonekane mzima, na ambaye kwangu ndiye bingwa wa karamu hizi zote, pombe alikuwa ameiacha.

Kwa hiyo kipindi cha mseto cha Martin kilitengenezwa kwa kuacha. Garrison aliacha kosa, aliacha kigugumizi, aliacha kicheko kisichopangwa. Kisha msimu wa mwisho, 1973 hadi 1974, mtu yuleyule akiwa na nyota yuleyule akageuza mkono. Walianza kuingiza karamu ya madongo ndani ya kipindi. Mmoja wa watu wa mwanzo kukaangwa alikuwa gavana wa California, Ronald Reagan. Watu wakaipenda, na kipindi chenyewe kilipokufa karamu zikabaki kama vipindi maalumu hadi 1984, nyingi zikirekodiwa hoteli ya MGM Grand, Las Vegas. Mchekeshaji Bob Hope, Lucille Ball, bondia Muhammad Ali, mwimbaji Frank Sinatra, wote walikaa kwenye kile kiti. Hata George Washington, rais wa kwanza wa Marekani aliyefariki 1799, alifanyiwa yake, mchekeshaji Jan Murray akiwa ndani ya wigi.

Karamu hizi zilitengenezwa kwa kushona. Nyota 15 au 20 wenye ratiba zao huwapati chumba kimoja usiku mmoja, kwa hiyo wengine walirekodiwa peke yao, kwa siku yao, na nyuso za wenzao zikaletwa baadaye. Vicheko vya ukumbi viliongezwa sauti. Unaona mtu anageuka kushoto kumcheka mtu ambaye hata hayupo jengoni. Wakosoaji wamelisema hili kama aibu, nami nakubali kwamba karamu za miaka ya mwisho zinachosha, mishono inaonekana kama ya gunia. Lakini nadhani wanakosea kuhusu sababu. Ratiba peke yake haielezi kwa nini baada ya karibu kila dongo tunaonyeshwa uso wa aliyelengwa.

Nitaeleza kwa kosa langu. Miaka ya mwanzo nilikata send-off moja ambapo mtani wa upande wa bwana harusi alishika maiki akamchambua baba wa binti kuhusu madeni na kiatu chake kimoja cha miaka yote. Ukumbi ulilia kwa kucheka, na mzee mwenyewe alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa na kamera mbili: moja kwa mtani, nyingine kwenye keki. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu. Mama yake yule mzee, ambaye hakuweza kusafiri, ameiangalia video na amenuna. Anauliza, nyie mlikaa mkiangalia mwanangu anatukanwa? Nikarudi kwenye mafaili. Nikamkuta mzee anacheka, saa nzima kabla ya hapo, kwa jambo jingine kabisa, shemeji yake alikuwa ameangusha sambusa. Nikakikata kicheko kile nikakipachika baada ya dongo la kiatu. Bibi akaangalia tena, akacheka, akaniombea dua.

Maneno hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni kwamba bibi ameonyeshwa ruhusa. Walio ukumbini hawaihitaji picha hiyo, wanamwona mzee. Aliye nyumbani hana njia ya kujua kama anatazama utani au matusi mpaka aone uso wa mwenyewe. Garrison alikuwa na akina bibi milioni kadhaa. Friars walifunga mlango, yeye aliufungua, na kila uso unaocheka aliupachika mahali pa ule mlango.

Ndiyo maana mchekeshaji Don Rickles aliwezekana kwenye televisheni. Rickles hakuwa na vichekesho vya kukariri, alikuwa na watu mbele yake na alimtukana kila mmoja kwa kabila lake na kitambi chake. Nyota yake ilipanda siku Sinatra alipoingia kwenye klabu yake Miami miaka ya 1950 naye akamwambia ajisikie yuko nyumbani, apige mtu ngumi, kwa kuwa hasira za Sinatra zilijulikana mji mzima. Sinatra akacheka. Kicheko hicho kimoja kilimpa Rickles kazi ya miaka 60. Mchekeshaji mwenzake Red Buttons, kinyume chake, hakutegemea sana kumgusa mtu aliyekuwepo. Yeye aliorodhesha watu wa Biblia na wa historia ambao hawakuwahi kuandaliwa karamu, akilalamika kwa niaba yao. Wajanja wawili, na wa pili hahitaji sana ruhusa ya mtu maana wenyewe karibu wote wamekufa.

Kuna mahali kicheko cha mlengwa hakitoshi. Madongo mengi aliyopigwa mwimbaji Sammy Davis Jr. kuhusu weusi wake siyapendi kuyaangalia, ingawa yeye anagaragara kwa kucheka. Oktoba 1993, Friars wakimfanyia karamu Whoopi Goldberg, mwigizaji mweusi, Ted Danson, mwigizaji Mzungu na mpenzi wake wakati huo, alipanda amejipaka uso mweusi. Goldberg alicheka na alimtetea hadharani. Montel Williams, mtangazaji mweusi wa televisheni, aliondoka ukumbini. Goldberg aliweza kutoa ruhusa yake mwenyewe, hakuweza kutoa ya meza nzima. Mtani wa kwetu angelijua hilo: utani wa Mngoni ni kwa Mhehe, haumfikii mtu asiye mtani aliyekuja kusindikiza.

Siku hizi karamu hizi zimerudi, kwanza kwenye kituo cha Comedy Central, sasa Netflix, na maneno ya chumba kile cha Friars yako wazi kwa kila mwenye intaneti. Mei 5, 2024 walimkalisha Tom Brady, mchezaji wa futiboli ya Marekani, na wakarusha moja kwa moja. Mchekeshaji Jeff Ross alipogusa jambo la Robert Kraft, mmiliki wa timu yake ya zamani, Brady aliinuka kwenye kiti, akamfuata hadi jukwaani akamwambia asiliseme tena, na maiki zikanasa. Baadaye alisema hakupenda namna usiku ule ulivyowaumiza watoto wake. Nimekiangalia kipande hicho mara nyingi kuliko inavyofaa. Hakuna mhariri. Hakuna kicheko cha akiba.

Jumamosi hii nina send-off Mbagala, binti wa Kipare anaolewa Uchagani. Nimeandika bei ya kamera ya tatu, isiyofanya kazi nyingine ila kumtazama baba wa binti kuanzia saa 12 jioni. Mwenye shughuli amenipigia asubuhi kuuliza ile laki ya ziada ni ya nini hasa.