Kranberi, mpira wa mkojo na UTI baada ya upasuaji

Mama anatolewa kizazi wiki ijayo. Shangazi kaleta vidonge vya kranberi (tunda dogo jekundu, chachu), ati vinazuia UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Ni kweli?

Shangazi hajabahatisha. Ukifanyiwa upasuaji wa kizazi unawekewa mpira wa mkojo, na bakteria huufuata mpira huo hadi kwenye kibofu. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilijaribu jambo hili kwa wanawake 160 waliofanyiwa upasuaji wa viungo vya uzazi na kuwekewa mpira. Nusu walimeza vidonge vya kranberi kwa wiki 6, nusu vidonge bandia visivyo na kranberi. Matokeo yalitoka 2015: waliotibiwa UTI upande wa kranberi ni 15, upande wa pili 30.

Kwa hiyo inaua vijidudu?

Haiui. Bakteria E. koli, msababishi mkuu wa UTI, ana vinyweleo vya kujing'ang'aniza kwenye ukuta wa kibofu. Kemikali za kranberi ziitwazo proanthosianidini huvifanya vishindwe kushika, mkojo ukampitia na kutoka naye. Akishashika na mkojo ukaanza kuchoma, hapo ni kupima na kupewa dawa. Kumeza kranberi kwa kujitibu ni kupoteza siku.

Inamfaa kila mgonjwa wa upasuaji?

La. Watafiti wa Uswidi waliwapa kranberi wanawake waliovunjika nyonga, kwa siku chache tu, na tofauti ya maana haikuonekana. Uchambuzi mkubwa wa 2023 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za tiba, nao haukuona faida kwa wajawazito wala kwa wazee wanaoishi kwenye vituo vya kutunzia wazee.

Juisi ya rozela si ndiyo hiyohiyo?

Wekundu na uchachu tu ndivyo vinavyofanana. Ni mimea miwili tofauti. Kranberi asili yake Amerika Kaskazini. Hata juisi yake ya dukani mara nyingi imejaa sukari.

Kuna tahadhari?

Kama mama anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au amewahi kuwa na mawe ya figo, amwonyeshe daktari chupa ya vidonge hivyo kabla ya kumeza hata kidonge kimoja.

Na sisi ndugu tufanye nini wodini?

Hapa ndipo penye kazi kuliko kwenye chupa ya shangazi. Kila asubuhi muulizeni nesi, kwa heshima: "Mpira unatoka lini?" Kila siku unayokaa inaongeza hatari. Mfuko wa mkojo uning'inie chini ya usawa wa kibofu. Nimeshaona ndugu wakimhamisha mgonjwa kitanda huku mfuko wameuweka juu ya tumbo lake, mkojo ukarudi ulikotoka.